Wa Pili Kata Nzima

Mwalimu Ulimboka, mkuu wa shule anayosoma binti yangu Kalunde huko kijijini kwetu Tabora, alitutangazia matokeo ya majaribio ya darasa la saba: "Wazazi, shule yetu imekuwa ya pili kata nzima!" Kundi la wazazi la WhatsApp likafurika makofi. Kata yetu ina shule mbili.

Nilikuwa Muscat, Oman, mtaa wa Khuwair ya Kusini, napiga pasi nyumbani kwa Bibi Balqees. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaandika: "Mwalimu, na tukiwa wa mwisho utatuambiaje?" Akajibu kwamba tulio Uarabuni tusiwavunje moyo walimu. Debe tupu! Mtu saa nne asubuhi yuko kilabuni, chaki anaishika siku ya mkaguzi, halafu eti ana moyo wa kuvunjwa. Na hao wapiga makofi? Wangeambiwa shule imeungua wangesema hongera kwa mwanga.

Kwa Kalunde wangu sikuwa na wasiwasi. Mtihani wa taifa ulikuwa wiki tatu mbele, na akifaulu, dada yangu wa Dodoma angemchukua asome sekondari kwake. Kila jioni alinitumia sauti kwa simu ya bibi yake: habari za mbuzi, za majirani, za nani kaolewa. Msemaji hasa, na mimi nilimsikilizisha Bibi Balqees kwa majivuno.

Siku hiyo Bibi, ambaye wazee wake walitoka Unguja, akaniuliza, "Nyamizi, nnamsikia kila siku, mashaallah. Kwani kuandika haandiki?"

"Anapenda nimsikie, Mama."

"Hebu mwambie leo akuandikie. Maneno mawili matatu tu, bas."

Nikamwambia Kalunde aniandikie alichokula mchana. Simu ikaonyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena, ikaacha. Nilimaliza shati zima. Mwishowe likaja neno moja: Kalunde.

Ikafuata sauti, safari hii ndogo. "Mama, mwalimu alitufundisha kuandika jina tu. Alisema kwenye mtihani linatosha, majibu ni kusiliba viduara, kuvijaza penseli tu."

Miaka miwili nilimsikiliza mwanangu bila kumwomba hata mstari mmoja, huku nikimcheka Ulimboka. Nilijidharau kuliko nilivyomdharau yeye.