Maji Juu ya Turubai

Haya kanisimulia mke wa rubani mwenyewe, wiki iliyopita, tukikunja nguo kibarazani.

Mumewe alirusha ndege ya kutua majini, ile yenye miguu kama mitumbwi. Aliyeipokea gatini ni mdogo wake huyo mke, kitinda mimba wao. Dada mtu ndiye aliyemwombea kazi. Maji yakitulia kama kioo na ukungu ukitanda, rubani hawezi kujua maji yameanzia wapi. Hapo mpokeaji hutoa boti akayakoroga, jicho la rubani lipate pa kushika.

Siku hiyo mvua ilikatika alfajiri, ukungu ukabaki, upepo hakuna hata chembe.

"Shemeji, umeshakoroga?" rubani akauliza redioni.

"Tayari, shemeji. Shuka tu."

Ndege ikapiga maji kwa pua, ikabinuka. Kivuko kilichokuwa kikipita ndicho kilichomwokota rubani, mkono umevunjika.

Mkewe alifika gatini mbio, kanga upande, akamkuta mdogo wake akimweleza mwenye ndege: "Nimezunguka na boti weee, nikairudisha, nikaifunika. Shemeji alikuwa na haraka zake."

"Ulisema tayari," rubani akasema, meno yakigongana.

"Kama ni haraka," mwenye ndege akasema, "basi hatarusha tena ndege yangu."

Mke akaitazama boti. Juu ya turubai maji ya mvua yalikuwa yametuama, yamejaa pomoni.

"Mvua ilikatika alfajiri, sivyo?" akamwuliza mdogo wake. "Na hii boti umeifunua baada ya hapo?"

"Si nimeshasema, dada!"

Akainua pembe ya turubai. Maji yakamwagika pwaa, yakawalowesha wote miguu. Mwenye ndege akamgeukia kijana.

"Dada! Unaniuza mbele za watu? Mimi, damu yako?"

"Nilikuombea kazi. Kidogo tu unirudishie maiti."

Kijana akainama. "Kulikuwa na baridi, dada."

Baridi! Basi.

Jioni kijana alikuta godoro lake limetolewa kibarazani, mlango umefungwa. Aligonga, akaita dada, dada, mpaka akachoka. Ndani rubani alikuwa anakoroma kwa dawa. Mkewe alikaa kitandani akimsikia mdogo wake akikohoa, kikohozi kile kile alichombembelezea utotoni. Mwishowe akainuka, akamtupia blanketi kupitia dirisha, akafunga.

Kikohozi kilipokoma, ndipo naye usingizi ukamchukua.