Fundi Aliyekataa Saruji

Mtaani walikuwa na utani wao kuhusu mume na mke wale: mke ndiye mlango wa kuingilia, mume ndiye mlango wa kutokea. Mke alikuwa mkunga, na watu wengi waliopita njia ya sokoni aliwapokea duniani kwa mikono yake. Mume alijenga makaburi. Alimwaga zege, akainua kuta, akabandika vigae hadi kaburi likang'aa kama bafu la tajiri. Kila mtu alimwita Fundi, na Mkunga naye, hata wakiwa peke yao chumbani, alimwita hivyo hivyo.

Mji ulikuwa umeumuka kama unga uliotiwa hamira. Nyumba zilisogea hadi zikagusa ukuta wa makaburi. Mtu aliweza kukaanga vitunguu jikoni kwake huku akitazama mazishi dirishani. Pa kupanua hapakuwapo tena. Mwaka wake wa mwisho, Fundi alizunguka na mlinzi wa makaburi kutwa nzima akitafuta pa kumzika baba wa mteja wake, wakakosa. Mlinzi akampeleka sehemu ya zamani, ambako watu walilazwa kwenye udongo mtupu. Alimweleza kwamba huko ardhi hula ikarudisha, na miaka mingi ikipita jamaa huruhusiwa kuzika tena pale pale. Penye zege na vigae, mtu mmoja ameshika nafasi milele.

Jioni Fundi alirudi nyumbani akaketi kumsaidia mkewe kuchambua maharage, kazi ambayo hakuwahi kuigusa. Mkunga akajua kuna neno.

"Mke wangu," akasema, "mimi nikifa msinijengee. Nilazeni kwa mama, kwenye kaburi lake la udongo."

Mkunga alimwambia achambue maharage, aache uchuro. Lakini alikuwa amemsikia.

Fundi alifariki usingizini, bila kumsumbua mtu. Wa kwanza kufika alikuwa mdogo wake, muuza vigae, macho yamemvimba, nyuma yake mkokoteni uliojaa vigae vya buluu, vizuri kuliko vyote dukani kwake. Mkunga alipompa wosia wa kaka yake, alikataa katakata. Watu watasemaje? Fundi aliyewajengea wafu wa mji mzima, yeye afukiwe kama punje ya muhindi?

Mkunga hakubishana naye. Maisha yake yote alikuwa amekaa na watu wanaopiga kelele kwa uchungu, na alijua dawa yao ni kuwa karibu nao na kusubiri. Alimwomba jambo moja tu: aende naye kesho asubuhi wakati wa kuchimba, na akiona pale hapamfai kaka yake, basi vigae vitabandikwa.

Kaburi la mama yao lilikuwa chini ya mpera mkubwa. Wachimbaji walichimba taratibu, shemeji yake, yule muuza vigae, amesimama ukingoni amekunja mikono kama hakimu. Udongo wa juu ulikuwa mgumu, mwekundu. Kadiri walivyoshuka ukawa mweusi, laini, wenye harufu ya shamba lililonyeshewa. Cha kutisha hakikuonekana. Ilikuwamo mifupa michache, mikavu na myepesi, na Mkunga akaipokea mwenyewe kwenye shuka jeupe. Kwingine kote ilikuwa mizizi ya mpera, imejisokota humo kama iko kwao.

Shemeji akachuchumaa. Akaitazama mizizi, kisha akainua macho kwenye matawi. Utotoni yeye na kaka yake walipoletwa kupalilia kaburi, waliukwea mpera ule wakala hadi matumbo yakawauma.

"Shemeji," akamwambia Mkunga polepole, "yale mapera tuliyokuwa tunakula..."

"Eeh."

"Si ndiye mama huyu huyu?"

Wachimbaji walisimamisha majembe. Mkunga alimaliza kufunga fundo la shuka.

"Aliwaacha wadogo mno," akasema. "Alikuwa bado anawalisha."

Shemeji alilia, safari hii kwa sauti ya chini. Katikati ya kilio kicheko kikampenya, akasema kaka yake siku zote alikuwa akichuma yaliyoiva na kumwachia mabichi. Kisha akavua viatu, akateremka, akasawazisha udongo kwa viganja vyake.

Alasiri wakamlaza Fundi ndani ya sanda, bila sanduku, na lile shuka la mama begani pake. Hakuna aliyenung'unika, ila shangazi mmoja tu, ambaye hata kwenye harusi hunung'unika.

Vigae havikurudi dukani. Shemeji alivibandika kwenye sakafu ya chumba ambamo Mkunga hupokea kina mama, na kuosha kukawa rahisi. Siku alipomaliza, alizungukazunguka mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, kisha akauliza kwa haya kama pale kwa mama, miaka ikisogea, patamtosha mtu wa tatu.

Mkunga alimwambia patatosha, ila asimharakishe kaka yake, aliyekuwa mgumu wa kuamka tangu zamani. Shemeji aliondoka akicheka peke yake barabarani. Mkunga akanawa mikono, kwa kuwa mke wa kinyozi alikuwa ameshaingia akishikilia ukuta, na kabla jua halijatua akazaliwa mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti ya kusikika hadi sokoni.