Mfupa Ulioandikwa Jina

Jumba la mwami, mfalme wa jadi, lilikuwa juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Butembo ukielekea Kirumba. Lilikuwa la matofali mekundu na mnara mfupi, lililojengwa enzi za Wabelgiji ili mwami wa wakati huo afurahi na kutulia. Watu waliliita château, yaani kasri. Mwaka 2001, waasi walioshika mji walitangaza kwamba sasa ni nyumba ya makumbusho.

Hakuna aliyeshangilia kama Jemima. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza masomo ya historia, na moyo ulimjaa. Alizunguka vijijini kuomba ngoma, mikuki na viti vya kifalme. Mwishowe akampigia magoti Syauswa, kaka mkubwa wa baba yake.

Syauswa alikuwa mtunzaji wa taya. Mwami alipofariki, taya lake la chini lilitolewa, na Syauswa akapewa alifiche maisha yake yote. Hakuna mwingine wa kuligusa, na mbele ya taya mtunzaji hatoi neno. Lakini askari walikuwa wakichoma nyumba hovyo, na Jemima alisihi: kule litakaa ndani ya kioo, chini ya kufuli, mpaka vita viishe. Mzee akakubali kwa sharti moja tu. Lisiandikwe chochote. Likae kama mfupa wowote, kati ya mifupa ya wanyama.

Jemima aliandika. Aliona ni dharau kitu kikubwa namna ile kukaa bila jina. Alichora jina la mwami kwa herufi zake za mviringo kwenye karatasi nzuri, akaibandika, na hakumwambia mzee.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi ya kwanza ya kupokea wageni, alimpeleka aone.

Harufu ndiyo iliyowapokea. Askari walikuwa wamelala ukumbini wiki hizo zote, na ngazi za mnara walizigeuza choo. Mkojo ulikuwa umeacha michirizi ya njano ukutani. Chupi zao zilianikwa juu ya mikuki. Kiti cha mwami kilikuwa kibao cha kukatia nyama ya mbuzi. Mafuta yameganda ndani ya nakshi, nzi wakitembea humo bila haraka. Jemima alijiziba pua kwa kitenge, na harufu ikapita vilevile.

Mbele ya kabati la kioo, wafanyabiashara watano kutoka Beni walimsikiliza Abdias, mtembezaji wa wageni, kijana mnene aliyenuka kasiksi, pombe ya ndizi, asubuhi hiyohiyo.

“Bakubwa, mukaribie! Huyu njo mwami mwenyewe. Musome, iko bien écrit, muzuri sana!”

Kioo kilikuwa kimevunjika. Taya lilikuwa kwenye sahani ya plastiki, majivu ya sigara juu yake, na kipande cha kiazi kimekwama kati ya meno mawili. Abdias alilichukua kwa vidole vyenye mafuta, akaliweka mbele ya kidevu chake, akalipandisha na kulishusha.

“Bonjour, batoto bangu! Muko na pombe? Mi niko na kiu tangu Babeleji banaenda!”

“Mupatie kidogo, muzee wa watu!” mmoja akasema.

“Aa, Abdias, iache, itakuuma!”

Wakacheka mpaka wakakohoa. Jemima alichukia vile vidole, mate yaliyoruka, vinywa vilivyo wazi. Kisha akaona karatasi yake, safi kabisa, na kinyaa kikamgeukia mwenyewe. Bila karatasi ile, huyu mlevi angejuaje?

Akamtazama mzee, akingoja apige kelele. Shavu la Syauswa lilitetemeka, midomo imefungwa. Taya lilikuwa mbele yake, hakuweza kusema.

“Monsieur Abdias,” Jemima akasema, “kesho bakubwa ba jeshi banakuya. Mutabaonyesha kitu yenye kunuka vile?”

“Kunuka? Ni mufupa ya zamani.”

“Unuse vidole yako.”

Abdias akanusa. Akakunja uso, na safari hii wageni wakamcheka yeye.

“Donc, basi, uende uioshe ku muto. Mbio!” Abdias akamwambia Jemima.

“Huyu muzee ataibeba. Mi naona kinyaa.”

“Ha! Masomo yote ile, na unaogopa mufupa!”

Jemima aliyameza matusi hayo kwa furaha.

Mtoni, Syauswa alitoa kile kiazi kwa ukucha, akasugua kwa mchanga, akasuuza mara nyingi, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga uso. Alilifunga ndani ya koti lake, akaliweka juu ya jiwe, akasogea mbali nalo kabla ya kufungua mdomo.

“Ni weye uliandika?”

“Ni mi, baba mukubwa. Niliona ni kuheshimia.”

“Nilikuambia hapana.”

“Uliniambia.” Machozi yalimtoka. “Acha nikusindikize. Nikusaidie kuificha.”

“Hapana, mwana wangu. Pahali nitaiweka, weye hautaijua tena. Geuka. Angalia kule ku château, mpaka hautasikia miguu yangu.”

Jemima akageuka. Alisikia maji yakikanyagwa, kisha majani, kisha mto peke yake. Shingo ilimuuma kwa kutaka kuchungulia. Hakuchungulia. Alikaa hivyo kitambo kirefu zaidi ya alichohitaji, ili asije akajua hata upande.

Kisha akalowanisha kitenge chake mpaka kiunoni, kama aliyeingia mtoni kulitafuta, akaanza kupanda kilima kwenda kumwambia Abdias kwamba taya lilimteleza mzee, kwamba mto umelichukua, na mzee amelifuata majini.