Shujaa Anakunywa Mtindi

Kazi yangu ni kutafuta kasoro. Kiwandani nakaa mwisho wa meza ndefu, mashati yananijia moja baada ya jingine, na mshono ukipinda hata kidogo nauona kabla shati halijatua. Wenzangu wananiita Jicho. Nasema haya ijulikane kwamba asubuhi ile sikuwa natafuta ugomvi na mdogo wangu. Macho yaliona yenyewe.

Ilikuwa saa moja na nusu, wodi ya upasuaji. Mdogo wangu Kidosho alikuwa kitandani na gauni la hospitali, anajipaka mafuta ya midomo. Saa mbili angeingia chumba cha upasuaji, atolewe figo moja apewe kaka yetu. Huyo tunamwita Fundi kwa sababu ni seremala, na alikuwa chumba cha tatu kutoka pale, akisubiri zamu yake. Ni mwaka wa tatu anasafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki. Mishipa ya mikono imekwisha, ya shingo imekwisha, na daktari alituambia bila kuzunguka kwamba mrija ulioko pajani ukiziba, hakuna pa kuweka mwingine.

Mimi nilipimwa wa kwanza, presha ikanikatalia. Kidosho akapimwa, akafaa kila kitu, na majibu yake akayasoma mubashara mbele ya simu, machozi yakimtiririka vizuri kwenye ule upande wa uso anaoupenda. Katika wiki moja wafuasi wake wakaongezeka mara tano. Wakambatiza Shujaa. Tangu hapo figo ya ndugu yangu ikawa na mashabiki kuliko timu ya mpira. Katolewa damu, kaposti. Kalia, kaposti. Fundi mwenyewe alitokea kwenye picha mara mbili, na mara zote mbili alikatwa kichwa. Niliudhika, lakini nilimeza. Mtu anayekupa figo humpangii namna ya kujipiga picha.

"Nishikie simu, dada, nifunge nywele," akasema. "Ila usiizime."

Video ilikuwa inacheza. Aliiposti saa kumi na mbili na nusu asubuhi ile ile. Kidosho amekaa kitandani, dirisha nyuma yake, mkononi chupa ya mtindi wa matunda, nembo imegeuziwa kamera. "Hata shujaa anahitaji nguvu," anasema, kisha anainua chupa na kunywa. Koo lilipanda na kushuka mara tatu.

Kwanza nilidhani ni ya zamani. Halafu nikaona mkono. Ulikuwa na ule utepe wa plastiki wenye jina na namba, waliomfunga jana jioni alipolazwa.

Tulikuwa tumekatazwa. Tangu saa sita usiku asitie kitu mdomoni, hata maji. Muuguzi alitueleza taratibu kama anayefundisha watoto: mtu akilazwa usingizi tumbo likiwa na kitu, kitu hicho kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na mwenyewe hawezi hata kukohoa. Watu wamekufa hivyo.

"Kidosho, hii umeirekodi lini?"

"Juzi. Nyumbani."

"Juzi ulikuwa na utepe wa hospitali?"

Akautazama mkono wake. "Dada, usianze."

"Ulikunywa?"

"Nilitema."

"Nimeliona koo."

"Basi kidogo tu. Tulikubaliana na wale watu wa mtindi wanaonilipa tangazo iwe leo, humu humu hospitalini. Ukiigiza kunywa, watu wanajua."

"Kidogo kiasi gani?"

Alimaliza kufunga nywele. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilirudia mara nne. Mara ya kwanza mwanga ulikuwa mbaya."

Niliinama, nikaitoa chupa kwenye ndoo ya taka chini ya kitanda. Ilikuwa tupu kabisa.

"Ukisema, wataahirisha," akaninong'oneza. "Yule bingwa wa figo anakuja siku moja tu kila miezi mitatu, na jioni anaondoka. Mrija wa kaka utafika miezi mitatu? Na mimi nitawaambia nini watu laki mbili?"

Yote mawili aliyasema kwa pumzi moja, na sikujua lipi lilimtisha zaidi. Mimi la kwanza ndilo lililonitisha.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia daktari wa dawa ya usingizi, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ameshika karatasi.

"Umekula au kunywa chochote tangu saa sita usiku?"

"Hapana, daktari," akajibu Kidosho, akitabasamu.

Daktari akaweka alama, akanigeukia. "Wewe ni nani wake?"

"Dada yake mkubwa."

"Usiogope, yuko mikono salama."

Nikaitikia kwa kichwa. Chupa nilikwisha kuitia kwenye mkoba wangu, na hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Wakamhamishia kwenye kitanda cha magurudumu, mimi nikafuata pembeni. Nilikuwa napiga hesabu za kipuuzi. Lisaa limoja na nusu limepita. Bado kijana, tumbo lake linasaga haraka. Mtindi wenyewe mwepesi. Nilipomaliza hesabu hizo nilizianza upya, kwa sababu kila nilipofika mwisho niliyaona mapafu yake. Tulipopita chumba cha Fundi mlango ulikuwa wazi. Ameketi, uso umevimba kama kawaida ya siku asizosafishwa. Akatuinulia mkono. Kidosho naye akainua wake.

Mwisho wa korido palikuwa na mlango mpana, na mbele yake mstari mwekundu umepakwa sakafuni. "Mama, ndugu wanaishia hapa," akasema msukuma kitanda.

Kidosho alinishika kidole. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi haukuwa na simu. "Dada," akasema, "si nitaamka?"

"Simama," nikamwambia msukuma kitanda. "Mwite daktari. Amekunywa mtindi asubuhi hii. Chupa nzima."

Daktari alikuja, akaisoma chupa, akatazama saa ukutani. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Muda wa kumsubiri mpaka mchana hatuna, operesheni zenyewe ni za siku nzima," akasema. "Leo basi. Ungenyamaza, huenda ningempoteza mezani."

Kidosho alirudishwa chumbani akilia kweli, kilio cha kukunja uso. Dakika mbili baadaye akaomba simu. Akajifuta, akatafuta ule upande wake. "Wapenzi wangu, kumetokea hitilafu ya mashine hapa hospitali..."

Nikamnyang'anya, nikaizima.

"Umeniaibisha," akasema.

"Nimekuacha hai, mjinga wewe." Nilikuwa nimejaa hasira, na ndani ya hasira hiyo nilimpenda hata nikashindwa kumtazama.

Kumwambia Fundi nilikwenda mwenyewe. Nilitembea nikitafuta neno la kuanzia, na sikulipata. Alikuwa bado ameketi vile vile, simu juu ya shuka. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Amesema mwenyewe, au wamegundua?"

Nikashika chuma cha kitanda. "Uliiona?"

"Saa moja kasoro."

"Na utepe?"

"Na utepe."

"Ukatuinulia mkono tukipita."

"Nikauinua."

"Angekufa, Fundi."

"Najua." Alikuwa anatazama paja lake, pale mrija ulipofunikwa plasta. "Nimechoka, dada. Nilijiambia labda hatadhurika. Nikajiambia amejitakia. Nilijiambia mengi."

Nilitaka kumzaba kofi. Mkono ulikwisha kuinuka. Lakini kutoka kitanda cha Kidosho hadi ule mstari mwekundu ni kama hatua arobaini, na zote nilizitembea chupa ikiwa mkobani, mdomo nimeufunga. Nikaushusha mkono, nikaketi kando yake. Hilo la hatua arobaini sikumwambia.