Shetani Aliyebeba Ndoo

Binti alikuwa mtunza stoo ya dawa hospitalini, na mama yake akipiga deki korido ya hapo hapo. Jioni binti humsomea vitabu, maana mama aliishia darasa la saba. Wiki ile walikuwa kwenye hadithi za Mmarekani mmoja wa zamani, ambaye shetani wake hana pembe wala mkia. Ni bwana mstaarabu, anamjua baba yako, hakusukumi. Anatembea nawe tu.

"Huyo mimi ningemjua," mama alijigamba.

Asubuhi moja akaja mleta dawa, shati limenyooka. "Shikamoo, mama. Nipe hiyo ndoo, mgongo huo umechoka." Akaibeba hadi mlango wa stoo. Njiani akasema alisoma na marehemu mume wake, na kwamba ana tatizo dogo tu: binti anasita kutia sahihi maboksi ya dawa ya kikohozi cha watoto. Mama akalainika kama sabuni majini. Akatangulia kuingia.

"Mwanangu, msaidie baba wa watu. Alimfahamu baba yako."

Binti alikuwa akikagua kama mama huyo huyo alivyomfundisha kununua nyanya: anza chini ya boksi, juu hupangwa nzuri. Chupa za chini zilikuwa na karatasi mpya ya tarehe. Akaikwangua kwa ukucha. Chini yake, tarehe ya zamani, imepita mwaka mzima.

"Wenzako wote wameshasaini," mgeni akasema kwa upole. "Hata mganga mkuu."

Binti akamgeukia mama. "Amekubebea ndoo?"

"Eeh."

"Kakwambia alisoma na baba?"

"Ndiyo."

"Mama! Baba alisoma wapi?"

Mama akakumbuka. Mume wake alitia dole gumba hadi anakufa, hakukanyaga darasa hata siku moja. Na yeye kasahau, kwa utamu wa shikamoo!

Binti akaandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: ZIMEKATALIWA.

Mama akanyakua ndoo yake. "Pisha, baba, kumelowa." Akapiga deki nyuma ya visigino vya yule bwana mpaka getini.

Ninyi wenye watoto, msitafute pembe. Akishindwa kwa mtoto, atapitia kwako, na atakuja na adabu.

Mchana muuguzi akauliza ni nani huyo aliyerudisha maboksi yote yale.

"Yule wa kalamu nyekundu?" mama akasema, amejishika kiuno. "Nimemzaa mimi."