Kibuyu cha Mama na Sifongo ya Shimoni

Mimi nikikasirika hunyamaza, na Jumatatu ile nilinyamaza mpaka Daktari Wakoli, msimamizi wangu, akaniuliza kama jino linaniuma.

Sahani zangu zote za kuoteshea bakteria maabarani zilikuwa zimeharibika. Nilikuwa nikitafuta dawa katika sifongo, mnyama wa baharini asiye na miguu wala macho, anayeng'ang'ania mwamba maisha yake yote na kujilinda kwa kemikali. Wenzetu walinitumia kipande kimoja kutoka Shimoni, kule pwani, hadi hapa Bungoma. Nilikisaga, nikachuja, nikapata matone ya majaribio mawili tu. Sasa lilibaki jaribio moja, na likienda mrama, utafiti wangu wa miaka miwili ungefungwa.

Adui niliyemtaka alikuwa bakteria wa ugonjwa wa kiwele, aliyeshinda kila dawa ya agrovet, duka la dawa za mifugo, kule kwetu Endebess. Makao yake yalikuwa chuchu moja ya Chelel, ng'ombe wa mama. Nilimwomba mama anitumie maziwa ya chuchu ile, naye akayatuma katika kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwa mkaa. Kumbe kwenye sahani wakamea bakteria wale wa kugandisha maziwa, wakajaa pomoni, wangu nisimwone.

Lakini kwa mama sikunyamaza: nilimpigia simu nikamgombeza kama mtoto. Akaningoja nimalize.

"Wewe ulisema maziwa, hukusema chombo," akasema. "Sasa mimi nipelekee daktari maziwa na chupa ya soda? Ataona nyumba yetu ni ya aina gani? Hiyo kibuyu nimeisugua na mkaa mimi mwenyewe."

Niliona haya. Nimelelewa kwa kibuyu hicho, ilhali sikukumbuka kumwambia asikitumie.

Alhamisi mama alifika mwenyewe Kibabii, chuoni kwetu, na maziwa ya chuchu ile katika chupa ndogo sita alizozichemsha kwanza, kila moja ina tarehe yake.

"Nimeleta sita," akasema. "Labda utaharibu tena."

Niliotesha bakteria wa maziwa yale katika sahani mpya, nikaweka tone langu la mwisho, na mama akakataa kurudi nyumbani kabla ya kuona mwisho. Jumamosi asubuhi nilifunua sahani. Bakteria walikuwa wametanda kote, isipokuwa pale nilipoweka tone la sifongo. Pale palikuwa na duara tupu, kubwa kama kifungo cha koti. Nilifurahi, nikamwita mama aje aone.

Mama alilitazama sana, akauliza dawa itamfikia Chelel lini. Nikamwambia kweli: pengine miaka kumi na mitano, pengine isifike. Hakununa. Chelel alikuwa akikamuliwa chuchu tatu, na mama aliridhika nazo.

"Hata mursik hungojewa," akasema.

Kisha akatutoa mimi na msimamizi wangu nje ya maabara, akafungua kikapu. Kibuyu kilikuwa kimejaa, maziwa ya ng'ombe asiye mgonjwa, yameiva sawasawa. "Hii si ya kupima," akamwambia Daktari Wakoli, naye akanywa vikombe viwili. Mimi nilikunywa cha tatu, nikamwomba mama msamaha nikiwa na masharubu ya mkaa.