Wimbo wa Pantoni Hujibiwa Ng'ambo

Kabla daraja halijajengwa, mtu wa kwenda Lamu kwa gari ilimbidi kwanza auombe ruhusa mto Tana. Basi lilifika ukingoni likazima injini. Abiria wakashuka, wakanyoosha miguu, wakaingoja pantoni ivutwe kwa kamba kutoka ng'ambo. Mto ukiwa na hasira, walingoja mpaka watoto wakazoea mahali pale kama kwao.

Na watu wakingojeshwa pamoja, mwishowe hucheza.

Ndivyo uwanja wa Pantoni ulivyozaliwa, pale Idsowe, kijiji cha ukingoni karibu na mji wa Garsen. Johnson wa hoteli ya chai alikuwa na santuri, na karabai aliyoitundika juu ya mti wa katikati ya uwanja. Wanawake walikaanga kambare na kuchoma ndizi. Wageni wenye viatu vya kung'aa walicheza vumbini na wasichana wasiokuwa na viatu, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Siku hizo watu walisema: ukifika Lamu hujacheza Garsen, safari yako ina tundu.

Bibi Rosina alikuwa mmoja wa wasichana wale wasio na viatu. Sasa ana wajukuu, magoti yanamsumbua, na uwanja ni kichaka chenye nguzo mbili za chuma, za kufungia kamba ya pantoni, zilizopata kutu. Jumamosi ile wakubwa walikuwa wanakuja kuamua mambo yake. Mfanyabiashara mmoja alitaka apewe uwanja amwage kokoto. Wanakijiji walitaka uwekewe ua na kibao, ubaki mahali pa ngoma na historia. Bwana Menza, afisa wa utamaduni kutoka Hola, alikuwa ameshakuja mara moja kusikiliza. Alikuwa mtu mpole. Rosina alimwona akihamisha kiti chake mwenyewe ili mzee aliyekaa juani apate kivuli.

Siku hiyo ya kwanza kwaya ya vijana ilimwimbia wimbo wa pantoni. Nehemiah, mjukuu wa Rosina, ndiye mwalimu wa kwaya. Aliwapanga vizuri, nusu kulia, nusu kushoto. Wa kulia wakauliza, wa kushoto wakajibu, maneno yote yamekaririwa, hakuna aliyekosea.

Bwana Menza alipiga makofi, kisha akakuna kidevu. "Mmeimba vizuri sana. Lakini kwaya ziko kila mahali. Niambieni, kwa nini wimbo huu uhitaji uwanja huu?"

Rosina alikuwa na jibu, lakini hakutaka kumwaibisha mjukuu wake mbele ya wageni.

"Nehemiah, baba," alisema walipokuwa wakirudisha viti, "mmeimba kama malaika. Ila ule si wimbo wa pantoni."

"Bibi! Maneno si ulinifundisha wewe?"

"Nilikufundisha ya upande wetu. Ya ng'ambo ulitunga mwenyewe, ukawapa hawa watoto wakariri. Wimbo wa pantoni, mjukuu wangu, anayeuliza hajui atajibiwa nini. Sisi tulirusha swali kutoka huku. Wasichana wa maziwa walikuwa ng'ambo kule, Wasomali na Waorma, wanangoja kuvuka wauze. Wao walirusha jibu. Wakikutukana kwa utani, unatafuta la kuwarudishia papo hapo. Wanaume wa pande zote wakicheka ndipo wanavuta kwa nguvu. Anayejijibu mwenyewe ni mgonjwa wa homa."

Nehemiah alicheka, lakini alielewa. "Sasa huyo wa kujibu tutampata wapi?"

Rosina alijua wapi. Yuko soko la Garsen, kwenye benchi la wauza maziwa, na anaitwa Mumina.

Wasichana wote wa ng'ambo waliogopwa kwa ulimi, lakini Mumina alikuwa malkia wao. Yeye na Rosina walitaniana kutoka kingo mbili za mto kwa miaka, na pantoni ilipogusa ardhi walikumbatiana. Kisha daraja likajengwa, na hakukuwa tena na sababu ya kungoja. Tena ukaja ule mwaka mbaya, wakulima na wafugaji walipozikana, na kila mtu akajifunza kukaa upande wake. Rosina hakuwahi kugombana na Mumina hata siku moja. Waliacha tu kutembeleana, na aibu ya kuanza upya ikawa ndefu kuliko daraja.

Alhamisi alijifunga leso mpya, akapanda bodaboda, akaenda sokoni. Mumina alikuwa amenenepa kidogo, amevaa hijabu ya rangi ya kahawia, kibuyu mbele yake. Alimtazama Rosina, akasogea kwenye benchi, akapangusa ile nafasi kwa upindo wa nguo yake mwenyewe. Rosina alikiona kitendo hicho, moyo ukamtulia.

"Abaayo," alisema Mumina, yaani dada, kama zamani. "Umekuja kunilipa ndizi zangu?"

"Ndizi gani, mchokozi wewe?"

"Ulizoniahidi mara ya mwisho tulipoimba. Mimi sisahau."

Walicheka mpaka wauzaji wengine wakageuka. Rosina akamiminiwa maziwa yenye harufu ya moshi, akanywa, akaeleza habari za uwanja na kokoto. Alipofika kwenye kuimba, Mumina alishusha macho.

"Rosina, mimi sasa ni mama mzima. Wanangu wana ndevu. Nisimame ukingoni nipige kelele mbele ya wanaume? Na akina mama wa kwetu, wengine hawajavuka kuja huko tangu ule mwaka. Wanaogopa."

Nyuma yake, Abdikarim, mwanawe mkubwa, alikuwa akifunga mitungi kwenye pikipiki. Alisikia yote, akakaza fundo.

"Sikulazimishi," alisema Rosina. "Jumamosi baada ya sala ya alasiri nitaita. Ni hilo tu nililokuja kukuambia."

"Nitaangalia," alisema Mumina. Na kila aliyeishi huku anajua kuwa "nitaangalia" huweza kuwa ndiyo, huweza kuwa hapana, na mara nyingi ni hapana yenye adabu.

Hata hivyo Rosina alirudi nyumbani akamwambia Nehemiah afunge kamba ndefu mbili kwenye mtumbwi wao mkubwa, moja kila upande, auache Idsowe, kisha avushe ncha ya kamba moja aiache kwenye kisiki cha ng'ambo. Na kwaya isiimbe sehemu ya majibu, hata neno moja.

"Bibi, na wasipojibu?"

"Basi uwanja umekwenda."

"Kwaya angalau ingetuokoa na aibu."

"Baba, Bwana Menza alishauliza kwa nini uwanja huu. Kwaya itamjibu nini?"

Jumamosi watu walijaa ukingoni. Vijana walikuwa wamefyeka kichaka, na mtu mmoja, hakujulikana nani, alikuwa amesugua kutu kwenye zile nguzo mbili mpaka zikang'aa. Bwana Menza na wenzake walikaa mbele. Mfanyabiashara wa kokoto naye alikuja, akasimama pembeni na funguo za lori mkononi. Ngoma zikapigwa, ndizi zikaliwa. Kisha Rosina akashikwa mkono mpaka kwenye ukingo. Ng'ambo hapakuwa na mtu. Kamba ilikuwa imelala ndani ya maji, imelegea kama nyoka aliyeshiba.

Akavuta pumzi.

"Ng'ambo ee! Mto umejaa, mmelala?"

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilivuka. Hakuna aliyejibu. Ndege tu waliruka.

"Ng'ambo ee! Mto umejaa, mmelala?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Mwenye kokoto akatazama saa yake. Nehemiah akamkaribia, akamnong'oneza, "Bibi, niwaite kwaya?"

"Ngoja."

"Bibi..."

"Tazama kamba, baba."

Kamba ilikuwa inainuka. Ilitoka majini polepole ikichuruzika, ikanyooka, mtumbwi ukatikisika. Na kutoka nyuma ya matete ya ng'ambo ikapanda sauti nzito, pana, isiyo na haya hata kidogo:

"Hatujalala! Twamngoja binti wa Idsowe aokote meno yake!"

Uwanja mzima ulilipuka. Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Ng'ambo, hijabu za kila rangi zilichomoza kwenye matete, moja, nyingine, kundi zima. Mbele yao alikuwa Mumina, ameketi juu ya kiti cha plastiki kama bibi harusi, na aliyemletea kiti hicho ni Abdikarim. Ndiye pia aliyeshika kamba.

"Meno ninayo!" alirudisha Rosina, na sauti yake sasa ilikuwa na miaka kumi na sita. "Maziwa yenu hayahitaji meno, mmeyatia maji!"

"Vuteni!" wakapaza watu wake.

"Maji tumeteka kwenu! Ndiyo maana yananuka kambare!"

"Vuteni!" wakajibu ng'ambo, na mtumbwi mtupu ukaanza kuwaendea.

"Mwacheka kambare! Na ng'ombe wenu, kiangazi, wanakuja kunywa wapi?"

Hapo kicheko kilikatika. Maneno ya ng'ombe na maji yalikuwa yameua watu katika ule mwaka mbaya. Rosina mwenyewe alihisi ulimi wake umekimbia mbele ya akili. Pande zote mbili zilimtazama Mumina.

Mumina aliinuka kwenye kiti chake.

"Wanakuja kwenu!" aliimba, kila neno peke yake. "Ng'ombe si wajinga! Wanajua kwenye maji pana mama!"

Kelele iliyofuata ilisikika mpaka darajani, na madereva wakasimamisha magari kuchungulia. Wanawake walipiga vigelegele huku na kule. Mtumbwi ulipowafikia, akina mama wa ng'ambo waliujaza, Mumina katikati na kibuyu mapajani, na watu wa Idsowe wakaidaka kamba ya upande wao. Bwana Menza alivua koti, akaliweka juu ya kiti, akavuta nao, viatu vyake vikizama matopeni. Hata mwenye kokoto alitia funguo mfukoni akashika kamba, kwa maana si rahisi mtu kusimama pembeni wakati wote wanavuta.

Mtumbwi ulipogusa ardhi, Bwana Menza alikuwa bado anahema. Aliwageukia wenzake. Waliitikia kwa kichwa.

"Swali langu limejibiwa," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Wimbo huu hauimbiki mahali pengine. Unataka kingo mbili. Uwanja wa Pantoni haupokei kokoto."

Ngoma zikaanza tena kabla hajamaliza. Rosina hakuzisikia sawasawa, alikuwa ameingia majini mpaka vifundoni kumshika Mumina mkono.

"Ulisema utaangalia," alimwambia.

"Nikaangalia. Nikaona huyu bibi ataumia koo." Akaonyesha kidole kwa mwanawe, aliyekuwa bado amesimama ng'ambo na ncha ya kamba. "Yeye ndiye aliniambia, Mama, mtu akikuita mara mbili usimwache ng'ambo." Kisha akanyoosha kiganja. "Ndizi zangu."

Rosina alimpa mkungu mzima.

"Sikukuu ijayo nitaanza kuita mimi," alisema Mumina, akipanda ukingo. "Na wewe, abaayo, usithubutu kujifunza jibu."